Maumbo ya Kila Siku Katika Postikadi

Mtu anayesimama mlangoni mwa jiko na kuutazama mtungi wa maji uliowekwa pembeni haoni duara. Akiulizwa mdomo wa mtungi huo una umbo gani, atajibu mara moja kwamba ni duara, na jibu lake ni sahihi. Lakini kilichoingia machoni mwake ni duaradufu, yaani mfano wa duara lililobanwa juu na chini. Akili imekwisha kuuzoea mtungi, nayo huyasahihisha yaletwayo na jicho pasipo mwenyewe kutambua. Kamera haina mazoea hayo. Huandika kile tu ambacho mwanga umekileta, na ndiyo maana mwanafunzi anayeweka rula juu ya picha yake ya kwanza ya kitu cha mviringo aghalabu hudhani kwamba amekosea mahali fulani.

Katika tofauti hiyo baina ya kitu, jicho na picha mna somo zuri la jiometri, na njia mojawapo ya kulifundisha, isiyohitaji maabara, ni kutengeneza seti ya postikadi zinazoonyesha maumbo ya vitu vya kila siku. Postikadi ilitolewa rasmi kwa mara ya kwanza na posta ya Austria na Hungaria tarehe 1 Oktoba 1869. Mwanzoni mwa karne ya 20 studio za wapiga picha wa Unguja, kama ile ya A. C. Gomes na ile ya Coutinho, zilikuwa zikitoa postikadi za mji, bandari na watu wa pwani. Nyingi kati ya hizo zilikusudiwa wageni, waliotaka kuona yaliyo ya ajabu kwao. Seti inayoelezwa hapa ina shabaha nyingine: kumfanya mwenyeji akione upya kile alichokiona tangu utotoni, kisha ampelekee mwenzake wa shule ya mbali. Simu ya mkononi yenye kamera, kompyuta moja ya shule na programu yoyote ya kuhariri picha vinatosha.

Seti yaweza kuwa na kadi sita: mdomo wa mtungi, kitanga cha ukindu, mafiga matatu, sega la nyuki, mlango wa kuchongwa, na matope yaliyopasuka kwa jua. Mwalimu wa bara atakuwa na vitu vingine vilivyo karibu naye, kama ungo, kihenge au paa la msonge, wala hana sababu ya kung'ang'ania orodha hii.

Picha ya namna hii haiwezi kutolewa kama ilivyopigwa. Lazima ihaririwe: kingo zikatwe, vitu visivyohusika viondolewe, mwanga na giza vitenganishwe zaidi ili umbo lijitokeze. Hapo ndipo penye hatari. Mwanafunzi wa Mwanza anayepokea kadi kutoka Lamu hanao mtungi ule wala mlango ule; anayo kadi tu. Akichukua rula na kipimapembe, kile atakachokipata ndicho atakachokiamini. Basi mhariri wa picha ana wajibu wa kutenganisha mambo mawili yanayofanana kwa juu juu: kuondoa kinacholificha umbo, na kulibadili umbo lenyewe.

Mfano wa kuzingatiwa ni wa Karl Blossfeldt (1865–1932), aliyekuwa mwalimu wa sanaa mjini Berlin, Ujerumani. Kwa miaka mingi alipiga picha za machipukizi, mashina na majani, akizikuza hata kufikia mara 30, ili wanafunzi wake wajifunze ubunifu kutokana na maumbo ya mimea. Zilipotolewa kitabuni mwaka 1928 zilimpatia sifa kubwa. Blossfeldt hakuipiga mimea kama alivyoikuta. Aliipunguza majani, akaipanga mbele ya karatasi tupu, na picha nyingine akazigusagusa baadaye ili mistari iwe safi. Kwa mwalimu wa sanaa hayo hayakuwa makosa, kwa kuwa alichotaka kuonyesha ni mpango wa umbo. Lakini mtaalamu wa mimea akizitumia picha hizo kuhesabu majani atapotea. Picha moja yaweza kuwa ya kweli kwa swali moja na ya uongo kwa swali jingine.

Kazi huanza kabla ya kompyuta, mahali anaposimama mpiga picha. Wengi hukisogelea kitu mno. Chukua kapu lenye urefu wa sentimita 30 kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma. Kamera ikiwa sentimita 30 kutoka ukingo wa mbele, ukingo wa nyuma utakuwa umbali wa sentimita 60. Na kwa kuwa ukubwa wa kitu pichani hupungua kadiri ya umbali wake, ukingo wa mbele utaonekana mpana mara mbili ya ule wa nyuma. Mpiga picha akirudi nyuma hadi mita 3, umbali unakuwa mita 3 na mita 3.3, na tofauti hiyo yote inabaki sehemu 1 tu katika 10. Picha itakuwa ndogo, lakini itakatwa baadaye. Kurudi nyuma ni uhariri wa bure ambao hakuna programu iwezayo kuuigiza kwa ukamilifu, maana sehemu iliyofichwa na ukingo wa mbele haipo pichani kabisa.

Jambo la pili ni vivuli. Karibu na Ikweta jua la saa sita mchana hupita karibu na utosi, na vivuli huwa vifupi. Kitu cha bapa kama kitanga hupata mwanga ulio sawa. Asubuhi saa moja au jioni saa kumi na moja mambo ni kinyume: kila mshono wa ukili hutupa kivuli chake, na uso uliodhaniwa kuwa laini huonekana una matuta. Hakuna saa iliyo sahihi kwa kila kadi.

Mdomo wa mtungi ndio mwanzo mzuri, kwa sababu hapa mhariri anatakiwa ajizuie. Ikiwa kamera iko mbali ya kutosha, urefu wa duaradufu ukigawanywa kwa upana wake hutoa saini ya pembe ambayo kamera iliinama kutoka usawa wa mdomo. Pembe ikiwa nyuzi 30, urefu ni nusu ya upana. Ikiwa nyuzi 45, ni kiasi cha 0.71, kamera ikiwa juu kabisa ya mtungi, urefu na upana ni sawa, na duara limerudi. Mpokeaji akipima milimita 60 kwa upana na milimita 30 kwa urefu, atajua mpiga picha alikuwa wapi ingawa hakuwapo. Kadi hii ikinyooshwa ili ionyeshe duara, somo lake limekufa. Mwalimu apendaye kuongeza ugumu aweza kuvuta nyuzi mbili juu ya mdomo wa mtungi zikutane katikati ya duara, kisha apige picha kwa karibu. Wanafunzi watakuta kwamba makutano ya nyuzi hayako katikati ya duaradufu, bali yamesogea upande ulio mbali, kwa kuwa nusu ya karibu imechukua nafasi kubwa zaidi pichani.

Kitanga, mkeka mdogo wa mviringo ulioshonwa kwa ukili mmoja unaozunguka, hupigwa kutoka juu moja kwa moja. Mshono wake ni mstari wa hesi ambao nafasi kati ya mzunguko mmoja na unaofuata haibadiliki, maana upana wa ukili haubadiliki. Kwa hilo hautofautiani kidogo na gamba la konokono, ambalo nafasi zake huzidi kupanuka. Urefu wa ukili wote hupatikana kwa kugawanya eneo la kitanga kwa upana wa ukili. Kitanga chenye nusukipenyo cha sentimita 20 kilichoshonwa kwa ukili wa sentimita 2 kimekula ukili wa kiasi cha mita 6.3. Washonaji hodari hulijua hilo kwa mkono.

Mafiga hayahitaji maneno mengi. Mawe matatu yasiyo katika mstari mmoja hupitiwa na duara moja tu, na chungu kinachokaa juu ya mafiga matatu hakiyumbi hata sakafu isipokuwa sawa. Mhariri akichora pembetatu juu ya picha, mistari yake iwe ya rangi ambayo mawe hayana, ili mtu asidhani kwamba ilikuwapo jikoni.

Sega la nyuki lina kishawishi cha namna yake. Kila mtu anajua kwamba vijumba vyake ni pembesita. Katika maumbo matatu yenye pande na pembe sawa yawezayo kujaza uso pasipo kuacha mwanya, pembesita ndiyo yenye mzingo mfupi: kwa eneo la sentimita moja ya mraba, pembetatu huhitaji mzingo wa sentimita 4.56, mraba sentimita 4, na pembesita sentimita 3.72. Mwaka 1999 Thomas Hales, mwanahisabati wa Marekani, alitoa uthibitisho kwamba hakuna namna nyingine yoyote ya kuugawa uso katika vyumba vya eneo sawa inayoishinda. Lakini sega la kweli si mchoro. Mahali ambapo vipande viwili vilivyoanzwa mbalimbali vinakutana, huonekana vijumba vya pande tano au saba, na vingine vimepinda. Programu za sasa huwezesha mtu kunakili kijumba kizuri na kukibandika juu ya kibovu kwa muda wa kufumba na kufumbua. Kadi itapendeza, na itakuwa ya uongo, maana itamwambia mpokeaji kwamba nyuki hafanyi kazi ya kuunganisha. Vumbi lililoganda juu ya lenzi laweza kufutwa. Kijumba cha pande tano kibaki.

Kadi yenye mambo mengi kuliko zote ni ile iliyo rahisi kuipata: matope ya dimbwi lililokauka. Tabaka la juu la matope hukauka kwanza na kusinyaa, ilhali lile la chini bado limelishikilia. Mvutano huzidi mpaka uso unapasuka. Ufa wa kwanza ukishafunguka, mvutano uliokuwa ukiukata kwa kuukingama umekwisha, na uliobaki karibu yake ni ule unaokwenda sambamba nao. Kwa sababu hiyo ufa wa pili unapoukaribia wa kwanza hujipinda na kuugonga kwa pembe ya nyuzi 90. Makutano huwa kama herufi T. Sasa, dimbwi likilowa tena na kukauka tena, mara nyingi, nyufa hufunguka karibu na pale pale zilipokuwa, lakini makutano husogea kidogo kila mara, mpaka yanakaribia umbo la herufi Y lenye pembe tatu za nyuzi 120. Hivyo mtu akiwa na kipimapembe aweza kulibagua dimbwi lililokauka mara moja na lile lililokauka mara nyingi. Pembe ni kumbukumbu ya mvua.

Lakini ni nani apigaye picha ya dimbwi akiwa juu yake kabisa? Watu husimama kando na kuinamisha kamera, aghalabu kwa nyuzi 45 hivi. Kwa kuinama huko urefu wote unaokwenda mbele hubanwa hadi 0.71 ya ukweli, na upana haubanwi. Pembe ya nyuzi 90 ambayo mikono yake imeelekea kushoto na kulia sawasawa hubadilika pichani ikawa nyuzi 109.5 mbele na nyuzi 70.5 kwa upande. Na makutano ya Y yenye nyuzi 120 mara tatu yaweza kuonekana kama nyuzi 136, 112 na 112. Mstari ulionyooka hubaki umenyooka, na hilo ni faraja, kwani mtu makini bado ataitambua T. Lakini mwanafunzi aliyepima makutano 50 katika kadi na kuyaandika katika jedwali hatapata rundo kwenye 90 wala kwenye 120. Atapata namba zilizotawanyika huku na huku, na pengine atahitimisha kwamba kanuni haipo. Kosa halikuwa la matope wala la mwanafunzi.

Dawa yake ni kuweka shahidi. Kipande cha kadi ngumu chenye umbo la mraba, tuseme wa sentimita 10 kila upande, kilazwe juu ya matope kabla ya picha kupigwa. Pichani kitaonekana kama trapeza au umbo jingine la pande nne lililopinda. Katika programu ya kuhariri mna chombo kinachoruhusu kushika pembe nne za picha na kuzivuta. Zinavutwa mpaka shahidi arudie kuwa mraba, na matope yote yaliyo katika usawa ule ule hurudi pamoja naye. Pembe nne zinatosha kwa sababu mageuzi kati ya uso mmoja bapa na mwingine yana namba nane zisizojulikana, na kila nukta hutoa mbili. Jiwe lililoinuka juu ya matope halimo katika usawa huo, nalo litaharibika, afadhali likatwe. Shahidi naye aweza kukatwa mwishoni kama anaondoa uzuri wa kadi, ila picha ya awali yenye shahidi ihifadhiwe na shule.

Mlango wa kuchongwa, kama ile ya Mji Mkongwe wa Unguja, una taabu inayofanana na hiyo. Kwa kuwa ni mrefu, mpiga picha huinua kamera, na miimo miwili iliyo sambamba huonekana inakaribiana juu. Programu nyingi huinyoosha miimo kwa kubofya mara moja, na watu huridhika. Lakini mstatili uliopatikana una uwiano gani? Mlango wenye upana wa sentimita 140 na kimo cha sentimita 280 waweza kutoka humo ukiwa mnene au mwembamba kuliko ulivyo, na bado pembe zake nne ni mraba kabisa. Uongo wa namna hii ni mgumu kuugundua kwa sababu unapendeza. Hodi ibishwe, mwenye nyumba aombwe ruhusa, na mlango upimwe kwa futikamba siku ile ile.

Baada ya umbo kuwa sahihi ndipo rangi huondolewa, ikiwa kadi itakuwa nyeusi na nyeupe. Kompyuta humpa kila pikseli, yaani kila punje ya picha, namba kutoka 0 iliyo nyeusi hadi 255 iliyo nyeupe, ikiipa rangi ya kijani uzito mkubwa kuliko nyekundu, na bluu uzito mdogo kabisa, kama lifanyavyo jicho. Ukili mwekundu na ukili wa kijani vyaweza kupata namba moja, na nakshi yote ikapotea. Mhariri akiamua kwamba kila kilicho chini ya 128 kiwe nyeusi na kilichobaki kiwe nyeupe, atapata umbo lililo wazi sana. Ila kivuli cha jiwe nacho kitakuwa cheusi, na pengine kitaungana na jiwe. Ndiyo sababu saa ya kupiga picha ilitajwa mapema.

Kadi yenyewe hukatwa kwa kipimo cha A6, milimita 105 kwa 148, ambacho ni robo kamili ya karatasi ya A4. Uwiano wa pande zake ni kipeuo cha pili cha 2, yaani 1.414, na ndio uwiano pekee unaobaki vile vile karatasi inapokunjwa katikati. Kamera za simu nyingi hutoa picha za 4 kwa 3, na filamu ya zamani ya milimita 35 ilitoa picha za 3 kwa 2. Hakuna inayolingana na kadi, kwa hiyo lazima kingo zikatwe. Ajabu ni kwamba hasara inalingana: kila moja hupoteza karibu asilimia 6 ya eneo lake, ile ya simu kwa juu au chini, ile ya filamu kwa kando. Si bahati. 4/3 mara 3/2 ni 2, na kipeuo chake kimeketi katikati ya zote mbili.

Kwa kuchapa nukta 300 katika kila inchi, kadi huhitaji pikseli 1748 kwa 1240, jumla yake kama milioni 2.2. Nukta hizo zimeachana kwa milimita 0.085, na jicho zuri lililo umbali wa sentimita 30 haliwezi kuzitenganisha. Picha ya simu yenye pikseli milioni 12 inaruhusu kukata na kubakiza hata robo yake bila hasara, na hapo ndipo ile hatua ya kurudi nyuma inapolipwa. Kiwanda cha uchapaji kitataka pia milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kisu. Shule isiyo na fedha hizo hugawa karatasi ya manila ya A4 mara nne kwa wembe na rula ya chuma.

Upande wa nyuma, nusu ya kulia ni ya anwani na stempu. Nusu ya kushoto iandikwe kwa herufi ndogo jina la kitu, mahali, tarehe na saa, pembe ya kamera kama ilipimwa, kipimo cha kadi (kwa mfano milimita 1 kwa sentimita 1), na kila kilichofanywa katika kuhariri: kingo zimekatwa, rangi imeondolewa, usawa umenyooshwa kwa mraba wa sentimita 10, mistari myekundu imechorwa. Maneno 30 yanatosha.

Kabla ya nakala zote kuchapwa, moja ichapwe kwa majaribio pamoja na shahidi wake, nayo ikabidhiwe kwa mwanafunzi ambaye hakuwapo picha ilipopigwa. Apime pande zote nne za mraba na pembe zake. Kama upande mmoja unazidi mwingine kwa zaidi ya milimita 1 katika 50, picha irudishwe kwenye kompyuta; na kama hata hapo haikubali, wapiga picha warudi kwenye dimbwi kabla mvua haijanyesha.